Nyumba mpya, wageni wote nje wanaota jua

Jumamosi moja ya Julai shemeji yangu alituita Uyole, Mbeya, kuiona nyumba yake mpya. Nyumba imesimama, sitaki kuwa mnafiki. Paa la kuficha bati, marumaru zinazong'aa mpaka unaona soksi yako ilipotoboka, na sebuleni madirisha mawili ya aluminiamu, futi sita kwa tano kila moja, vioo vya bluu. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Nje jua linaumiza macho, ndani taa zote za kwenye jipsamu zinawaka, na sisi tumekaa na makoti. Pilau inapoa kabla hujamaliza kuomba pilipili.

Baada ya robo saa watu wakaanza kutoroka. Watoto kwanza. Kisha wajomba wawili wakasema wanakwenda kupokea simu, wote wawili, kwa pamoja. Nilipowafuata nikawakuta nyuma ya nyumba, sahani magotini, migongo imeegemea ukuta wa stoo, wanaota jua kama mijusi. Katikati yao mama yake shemeji, juu ya kigoda chake. Tangu asubuhi alikuwa hajaingia sebuleni. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona hajaenda kukaa kwenye masofa mapya.

"Mwanangu, mle ndani ni friji," akasema. "Mimi bado niko hai."

Nikacheka, lakini tangu siku hiyo sijatulia. Maana ule ukuta wa stoo ndio unaotazama kaskazini. Mahali pazuri kuliko pote katika nyumba ile ya mamilioni pamepewa magunia ya mchele wa Kyela, na dirisha lake ni futi mbili kwa mbili, la nondo na wavu. Pembeni yake kuna choo. Sebule, chumba kikubwa cha kulala na chumba cha huyo mama vyote vimegeukia kusini kwa sababu barabara ya mtaa inapita kusini. Tumejenga ili wapita njia watuone. Jua hatukuliuliza.

Sasa niseme ninalotaka kusema, na nitalisema kwa kirefu kwa sababu nimechoka kulisema kwenye harusi na misiba huku watu wakitikisa kichwa kwa adabu. Sisi wa Iringa, Mbeya, Njombe na Makete tuko kama digrii 8 hadi 9 na ushee kusini mwa ikweta. Mwezi Juni na Julai, wakati baridi inatukaba, jua liko upande wa kaskazini kutwa nzima. Kama huamini, chukua fimbo ya mita 1, isimamishe uwanjani tarehe 21 Juni kwenye saa saba kasorobo mchana. Kwa sisi wa Mbeya hiyo ndiyo saa jua linapofika juu kabisa, siyo saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mbali mashariki, nje baharini. Kivuli kitalala kuelekea kusini, urefu wake sentimita 60 na kitu. Rudia Desemba, kivuli kimegeuka, kinatazama kaskazini, na ni kifupi kama sentimita 26 tu, kwa sababu jua linakaribia utosi.

Hesabu hiyo ndogo ina baraka ambayo watu wa nchi nyingine wangeilipia. Dirisha linalotazama kaskazini linapata jua kuanzia mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba, na linalipata zaidi katika miezi ile ile tunayolihitaji. Dirisha la kawaida ambalo juu yake ni mita 2.1 kutoka sakafuni huingiza jua la mchana wa Juni zaidi ya mita 1 ndani, likalala juu ya sakafu, likaipasha, na sakafu ya zege ikaushika ule moto mpaka jioni. Likija joto la Novemba na Desemba, jua limehamia kusini, dirisha hilo halipati hata mwale mmoja. Linajifungua na kujifunga lenyewe. Huhitaji swichi wala LUKU.

Dirisha la kusini ni kinyume chake. Julai halioni jua hata dakika moja, na upepo mkavu wa baridi wa miezi hiyo unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo umetoboa tundu la futi sita kwa tano pale pale upepo unapobisha hodi. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya ukuta wa tofali za kuchoma wenye eneo hilo hilo. Kila dirisha linapoteza joto usiku, hata la kaskazini. Tofauti ni kwamba la kaskazini mchana linalipa deni, la kusini linakopa tu.

Ramani ya nyumba shemeji aliitoa wapi? Kwenye intaneti, kama sisi wote. Na hapa tunaumizwa mara mbili. Ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu zimechorwa kwa ajili ya Dar es Salaam au mahali pa joto kama hapo, ambapo mtu akiliona jua analikimbia: vioo vya giza, mapazia mazito, kivuli kila upande. Mtu wa Mbagala yuko sahihi kabisa. Wewe wa Makete, ambako sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, hulala juu ya viazi, unalikimbia jua lipi? Halafu ziko zile makala za Ulaya na Marekani zinazosisitiza madirisha makubwa yawekwe upande wa kusini. Kwao ni kweli, wako kaskazini mwa ikweta, jua lao la baridi liko kusini. Ukinakili bila kugeuza umevaa shati nyuma mbele.

Vioo vya bluu nitavisema kidogo tu, nisije nikanyimwa mwaliko wa Krismasi. Vinapunguza mwanga, vinapunguza joto la jua, na ndiyo kazi yake. Tunavinunua ghali kuliko vioo vyeupe ili kuzuia kitu ambacho baadaye tunakinunua tena kwa umeme. Shemeji anasema ni kwa ajili ya faragha, majirani wasichungulie. Sawa, mchana. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe ndani huoni nje, wao nje wanakuona mpaka unavyotafuna. Hapo inabidi pazia, na pazia lingefaa hata kwenye kioo cheupe.

Aluminiamu nayo, haya, nakubali. Haiozi, mchwa hawaigusi, fundi anakuja asubuhi jioni amemaliza. Mbao nzuri imepanda bei na fundi seremala mwenye mkono wa kunyoosha fremu unamtafuta kwa tochi. Lakini aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, ndiyo maana alfajiri za Julai unakuta fremu zinatoka jasho na maji yanachuruzika ukutani, mke anadhani bomba limepasuka. Na haya madirisha ya kusukuma kando yanafunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, hewa unapata nusu. La bawaba linafunguka lote na likifungwa linabana vizuri zaidi. Ziko nchi wanaweka vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, na upotevu wa joto unapungua karibu nusu. Huku kwetu, kwa bei zake, tuyaache hayo.

Nirudi nyuma kidogo. Nilisoma shule ya msingi Iringa, majengo ya zamani, marefu, madirisha pande zote mbili, kaskazini na kusini, na vilele vyake viko juu karibu na paa. Umeme haukuwepo na hatukuukumbuka. Mwanga wa juu ndio unaofika mbali. Kwa makadirio, mwanga wa kutosha kusoma unaingia ndani kiasi cha mara mbili ya kimo cha dirisha kutoka sakafuni, basi ukiongeza kimo futi moja umewasaidia watoto wa mstari wa mwisho. Kioo kilicho chini ya meza kinaangaza miguu. Na mwanga ukitoka pande mbili, kivuli cha mkono wako hakilali juu ya daftari. Tulikuwa tunagombania madawati ya upande wa kaskazini, kwa ngumi, hasa Juni. Baadaye shule ikaongezewa jengo jipya, likageuzwa litazame barabara, madirisha mashariki na magharibi. Asubuhi jua linawapiga watoto usoni, ubao unang'aa hausomeki. Nilipopita miaka michache iliyopita walimu walikuwa wamebandika magazeti kwenye vioo. Darasa jipya, giza jipya.

Kuna watakaoniambia wazee wetu hawakuwa na madirisha makubwa na hawakufa. Kweli. Tembe la Kihehe lilikuwa na matundu madogo, kuta nene za udongo na udongo juu ya paa, na lilikuwa na joto. Lakini ndani mlikuwa na moto unaowaka, na moshi uliowaumiza macho bibi zetu maisha yao yote. Sisi tumechukua baridi ya dirisha kubwa, tukaacha unene wa ukuta.

Na moto hatujauacha, hapa naomba nisitanie. Kila msimu wa baridi kuna familia huku Nyanda za Juu zinaingiza jiko la mkaa chumbani, zinafunga mlango na dirisha, zinalala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikukohozi. Unasinzia. Nimekaa kwenye misiba ya namna hiyo, nikaangalia kile chumba kilivyogeuzwa mahali jua lisipofika, na nikakosa la kusema. Usiingize jiko la mkaa ndani unapolala. Dirisha zuri halitafuta baridi yote ya Njombe, ila chumba kilichopigwa na jua kutwa na pazia zito likafungwa jua linapozama, unaweza kukilala kwa blanketi mbili ukaamka mzima.

Mimi mwenyewe si mtakatifu. Nyumba yangu nilijenga kabla sijajua lolote. Fundi aliniuliza, "Bosi, madirisha tuweke kawaida?" nikajibu kawaida, kana kwamba najua kawaida ni nini. Chumba changu cha kazi kilikuwa kusini na kwa miaka nilifanya kazi humo na soksi mbili mbili. Aliyenifundisha ni kopo la mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24. Kopo la bafuni, upande wa kusini, Julai nzima lilikuwa gumu kama mshumaa, tunalichokonoa kwa mpini wa kijiko. Siku moja mtoto akaliacha dirishani jikoni, kaskazini. Saa tano asubuhi limekuwa maji. Nyumba moja, siku moja, ukuta kwa ukuta. Jumapili ile nilihamisha meza na vitabu, stoo ikaenda kusini, mimi nikaenda kaskazini. Sikubomoa tofali hata moja. Viazi na maparachichi, kwa taarifa yenu, vinapenda baridi.

Najua viwanja havijipimi vyenyewe. Ukipewa kiwanja barabara iko kusini, iko kusini. Lakini mlango kutazama barabara hakujamlazimisha mtu kuweka kila kioo huko. Geti na mlango viachie barabara, sebule na vyumba vigeuze nyuma. Mnaoishi mjini Mbeya ndiyo kabisa, Loleza yenyewe iko kaskazini, jua na mlima vinakuja kwa dirisha moja. Wezi? Nondo ile ile inawazuia kaskazini kama kusini. Na hilo paa la kuficha bati, kwa mtu wa Tukuyu kwenye mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, bila ukingo hata wa sentimita 50 juu ya madirisha, sijui tulikuwa tunamficha nani.

Sasa shemeji. Haya yote nilimwambia siku ile ile, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa kwa mgeni aliyekula pilau yake. Akaninunia. Akasema kila mtu ana macho yake, mimi nina wivu wa marumaru. Nikasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kwa chakula, nikaondoka.

Wiki iliyopita kapiga simu, sauti ya chini. Mama yake amehamisha godoro, analala stoo, katikati ya magunia. Amebembelezwa arudi kwenye chumba chake chenye vioo vya bluu, hataki kusikia, anasema ukuta wa stoo ukiugusa saa mbili usiku bado una uvuguvugu. Majirani wameanza kusema mtoto anamlaza mama yake stoo.

"Shem," akaniambia, "lile dirisha ulisema liwe futi ngapi?"

Fundi anakuja Jumamosi kubomoa. Nimemwomba shemeji jambo moja tu, kioo kiwe cheupe. Akanyamaza, halafu akauliza kama cha kahawia kidogo hakitafaa.