Shingo Iliyojeruhiwa Ajalini: Kola, Mazoezi au Ushauri?

Gari linapogongwa kwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili cha abiria mbele huku kichwa kikichelewa, kisha kichwa nacho hurushwa kwa ghafla, na misuli na kano za shingo huumia hata kama eksirei haionyeshi lolote. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kola, yaani mkanda wa kuizuia shingo isicheze, na mapumziko, hadi jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, lilipopendekeza mwaka 1995 kwamba majeruhi asiyevunjika mfupa arejee mapema katika shughuli zake.

Wanaoitetea kola hawakosi hoja. Pale inapohofiwa kwamba mfupa umevunjika, au mikono inapokufa ganzi, shingo sharti itulizwe hadi vipimo vikamilike. Ninachokipinga ni kola kuvaliwa wiki baada ya wiki, kwa sababu utafiti wa Denmark wa mwaka 2007 ulilinganisha kola, mazoezi na ushauri wa kuendelea na maisha kama kawaida, na baada ya mwaka mmoja haukuona tofauti ya maana. Kola, basi, humnyima mtu uhuru wa kugeuka bila kumwongezea nafuu.

Mvutano mkubwa zaidi unahusu wingi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nchini Australia, wagonjwa 172 wenye maumivu sugu waligawanywa: baadhi walipangiwa vipindi 20 vya mazoezi, wengine nusu saa ya ushauri na msaada wa simu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikaribia kulingana. Kwa mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa anayelipia kila kipindi kutoka mfukoni mwake, hiyo ni habari njema, mradi ushauri wenyewe uwe wa kweli: aelezwe kwa nini anaumia, aonyeshwe namna ya kugeuza shingo taratibu, na apate mtu wa kumuuliza maumivu yakizidi. Kumwambia tu kwamba atapona si ushauri.

Hata hivyo, wastani huficha watu. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2019, uliwachagua majeruhi waliokuwa katika hatari ya kutopona vizuri, na wale waliofundishwa na wataalamu wa fiziotherapia mbinu za kukabili msongo wa mawazo pamoja na mazoezi walipata nafuu zaidi kuliko waliofanya mazoezi pekee. Kwa hiyo kampuni ya bima isiyageuze matokeo ya mwaka 2014 kuwa kisingizio cha kumfungia mlango kila mgonjwa. Anayeumia vikali tangu siku za mwanzo, au anayeiota ajali usiku, anastahili matibabu marefu zaidi, na atambuliwe katika wiki za mwanzo kabla maumivu hayajawa sugu.