Mashine Kuukuu Haiponi kwa Rangi

Mtu akipata randa ya mashine ya miaka ya 1950, mtumba, imejaa kutu na vumbi la mbao lililogandamana na grisi, mkono wake wa kwanza huenda kwenye msasa na wa pili kwenye kopo la rangi. Namwelewa, kutu inakera. Ila kazi hiyo ameianzia mkiani. Kwangu rangi huja mwisho kabisa, na mara nyingine haiji.

Sababu ni kwamba rangi huficha yale unayopaswa kuyaona. Mashine hizi zilitengenezwa kwa chuma cha kusubu, kizito na kitulivu, kinachomeza mtikisiko vizuri sana, lakini kikianguka hakibonyei, hupasuka. Ufa mwembamba kwenye mguu au chini ya meza hautaonekana tena ukishaupaka. Kwa hiyo safisha, kisha gonga taratibu kwa nyundo ndogo huku unasikiliza: chuma kizima hulia, chenye ufa hujibu kama chungu kilichopasuka. Halafu chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli na fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi, upime meza zote mbili, ya mbele na ya nyuma ya visu, kwa urefu na kwa mshazari. Meza hizo zisipokuwa sambamba, ubao hautanyooka hata ukinoa visu mpaka usiku.

Beringi, zile pete zenye gololi ambamo shafti huzunguka, ndipo ninapotumia muda mwingi. Wengi huogopa kwamba kampuni iliyounda mashine ilishafungwa, vipuri watavitoa wapi? Kwa beringi hofu hiyo kwa kawaida haina msingi. Futa grisi pembeni mwa beringi utaona namba, tuseme 6203. Tarakimu mbili za mwisho zinataja kipenyo cha tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni milimita 20. Namba hizo ni za viwango vya kimataifa. Beringi mpya yenye namba ileile itaingia kwenye mashine iliyomzidi umri anayeifunga.

Ukiifunga kwenye shafti, sukuma pete ya ndani peke yake. Kipande cha bomba kinachoenea kwenye pete hiyo kinatosha. Ukigonga pete ya nje, nguvu yote inapitia kwenye gololi, zinaacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na beringi mpya inaanza kunguruma siku hiyohiyo.

Mashine za zamani zaidi huenda hazina gololi kabisa. Shafti huzungukia kwenye madini laini, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, wa aina aliyoibuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Usikimbilie kuyang'oa. Shafti ikicheza, angalia kama kuna vibati vyembamba kati ya vipande viwili vinavyoishika. Kutoa kimoja kila upande kunaweza kumaliza kazi, kisha mafuta, daima.

Umeme siujadili sana: nyaya zenye ganda la mpira na kitambaa zikikunjwa humeguka, kwa hiyo toa zote. Weka waya wa ardhi, na swichi isiyoiwasha mashine yenyewe umeme unaporudi.

Na kwa wanaoshikilia rangi: ile ya zamani huenda ina madini ya risasi. Kuipiga msasa mkavu ni kujipulizia sumu pamoja na watu wa nyumbani. Iloweshe, ikwangue, vaa barakoa ya maana.

Ninapoachana kabisa na wapenzi wa vitu vya kale ni kwenye kichwa cha visu, yaani kile kipande kinachozunguka kikiwa kimeshika visu. Wao hutaka kila kipande kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Randa nyingi za mashine za zamani, zile ambazo ubao husukumwa kwa mkono, zina kichwa cha mraba, na kichwa cha mraba huacha uwazi mpana kati ya meza. Kidole kikiteleza humo hakikatwi ngozi tu, huvutwa ndani. Kichwa cha mviringo huziba uwazi huo, na jeraha, likitokea, huwa la juujuu zaidi. Hili si wazo la vijana waoga wa leo: kanuni za Uingereza za mwaka 1922 zilishataka randa za namna hiyo ziwe na kichwa cha mviringo. Anayetaka kuhifadhi kichwa cha mraba kwa sababu ya historia akihifadhi, akipake mafuta, akiweke kabatini. Mashine ifungwe cha mviringo na kinga yake juu. Kama hakipatikani kinachoingia, basi randa hiyo ibaki pambo, na mota yake itolewe ikafanye kazi nyingine.