Tajiri Anapozungumza na Wanachama, Aje na Hesabu

Januari 13, 2020 Simba ilifungwa 1-0 na Mtibwa Sugar kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar. Mechi ilipoisha, Mohammed Dewji, mwekezaji wetu na wakati huo mwenyekiti wa bodi, aliandika Twitter kwamba ni aibu Simba kutoshinda, kwamba klabu inalipa mishahara inayokaribia shilingi bilioni 4 kwa mwaka, na kwamba anajiuzulu uenyekiti abaki kuwa mwekezaji. Watu hawakulala. Redio za asubuhi hazikuwa na habari nyingine. Mwishowe hakuondoka, alikalia kiti hicho mpaka Septemba 2021, na msimu ule wa 2019/20 tukabeba ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA.

Silileti hili ili kumsuta Mo. Mimi ni Mwanasimba na najua tulikuwa wapi. Kuanzia 2012/13 hadi 2016/17, misimu mitano mfululizo, ubingwa ulikwenda Yanga au Azam na sisi tulikuwa tunahesabu pointi za wenzetu. Baada ya hapo yakaja makombe manne ya ligi yaliyofuatana, tukafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019 na tena 2021, na Uwanja wa Mkapa ukageuka mahali ambapo timu za Waarabu zilikuwa hazipendi kufika. Fedha yake imefanya kazi na anayekataa hilo hana nia njema.

Lakini ujumbe ule mfupi wa 2020 nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya kiongozi wa mpira hapa nchini, kwa sababu umebeba namna matajiri wa soka wanavyopenda kusema na mashabiki mambo yanapoharibika. Wanaanza na kiasi walichotoa. Wanamaliza na uwezekano wa kuondoka. Katikati, pale ambapo shabiki anasubiri jibu, hapana kitu.

Chukua msimu wa 2023/24, ambao kwangu ndio ulikuwa mchungu zaidi. Novemba 5 Yanga walitufunga 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho akafukuzwa, kocha ambaye hadi siku ile hakuwa amepoteza mechi ya ligi msimu ule. Akaja Abdelhak Benchikha, mtu mwenye jina kubwa Afrika Kaskazini, naye mwezi Aprili akaondoka. Tukamaliza ligi na pointi 69 sawa na Azam, tukazidiwa kwa tofauti ya mabao, tukawa wa tatu, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda Chamazi, nyumbani kwa Azam. Juni viongozi wakapangua viti, mwenyekiti wa bodi Salim Abdallah 'Try Again' akakaa pembeni na Mo akarudi kwenye kiti hicho, na ujumbe ukawa kwamba timu inajengwa upya. Wiki chache baadaye kiungo wetu Clatous Chama akavaa jezi ya Yanga.

Kijiweni kwetu Magomeni siku hizo simu moja ilikuwa inazunguka mikononi mwa watu saba, kila mmoja akitaka kusikia kwa sikio lake tajiri amesema nini. Kuna mzee pale, kadi yake ya uanachama imechakaa mpaka picha haionekani vizuri, anaihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha mpiga kura. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza, "Mwanangu, sasa wale wachezaji waliosajiliwa dirisha dogo, nani aliwachagua?" Alikuwa na maana ya usajili wa katikati ya msimu. Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo pale. Na nadhani swali lile lilikuwa na uzito kuliko mijadala yote ya wachambuzi wiki ile, maana mzee hakutaka kujua fedha kiasi gani imetumika. Alitaka kujua nani alikaa mezani, nani alitia sahihi, na kwa nini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema shabiki wa Bongo anataka ushindi tu, mengine hayamhusu. Si kweli. Shabiki anavumilia kufungwa. Tulifungwa na Al Ahly ya Misri nyumbani na ugenini kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2024 na watu wakatoka uwanjani wakibishana kistaarabu, kwa sababu kila mtu aliona Al Ahly ni nani. Kinachomchoma shabiki ni kufungwa bila maelezo, na baada ya hapo kukumbushwa kwamba kuna mtu anatoa mabilioni.

Ugonjwa huu hauko Kariakoo peke yake. Pale Everton ya Uingereza, Farhad Moshiri aliingia kama mwekezaji 2016 na chini yake klabu ikamwaga zaidi ya pauni nusu bilioni kwenye usajili. Januari 21, 2023 alikwenda mwenyewe kuiangalia timu ikifungwa 2-0 na West Ham, na mwandishi alipomuuliza kuhusu hatima ya kocha Frank Lampard, alijibu kwamba huo si uamuzi wake. Siku mbili baadaye Lampard akafukuzwa. Mtu anayemiliki klabu, aliyekwishaajiri na kufukuza makocha kadhaa, anawaambia watu wake kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote si wake! Mashabiki wa Everton walikuwa wameshaanza maandamano kabla ya hapo, na baada ya hapo nani angewalaumu? Timu iliponea kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu kwa bao moja la Abdoulaye Doucouré dhidi ya Bournemouth.

Jim Ratcliffe, mmiliki mwenza wa Manchester United, ni habari tofauti kidogo, na hapa najua nitawaudhi Wanamashetani, ambao Dar wamejaa kila kona. Machi 2025, timu ikielekea kumaliza nafasi ya 15, alikaa mbele ya kamera akazungumza kwa muda mrefu. Aliwakera watu, na kwa haki. Alikuwa ameshapandisha tiketi hadi pauni 66 katikati ya msimu bila kujali mtoto wala mzee, ameshawaondoa mamia ya wafanyakazi, halafu akawataja kwa majina wachezaji ambao klabu bado inawalipia ada za usajili, baadhi yao wakiwa bado wanaivaa jezi. Kumwanika mchezaji wako hadharani ni kosa. Lakini katika mahojiano yaleyale alikiri kwamba kumbakisha kocha Erik ten Hag kiangazi cha 2024 kulikuwa kosa, na kumleta mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth kisha kuachana naye baada ya miezi mitano ni kosa pia. Alisema fedha taslimu ingekauka kufikia Krismasi kama wasingebana matumizi. Unaweza usimpende, lakini ulitoka pale ukijua nani aliamua nini. Mzee wa Magomeni angepata majibu yake.

Na wapo wanaojua kusema na watu wao bila hata karatasi. Februari 28, 2005 Norwich City walikuwa wanapigania kubaki Ligi Kuu ya Uingereza. Wakaongoza 2-0 dhidi ya Manchester City, mapumziko yakafika ikiwa 2-2. Delia Smith, mwandishi wa vitabu vya mapishi ambaye yeye na mumewe wakati huo ndio waliokuwa na hisa nyingi za klabu, akateremka uwanjani na skafu yake shingoni, akachukua maikrofoni akawaambia mashabiki wanamhitaji mchezaji wa kumi na mbili. "Mko wapi? Mko wapi?" alipaza sauti. "Hebu tuwasikie!" Walifungwa 3-2 dakika za mwisho, na mwisho wa msimu wakashuka daraja. Magazeti yalimcheka. Mimi simcheki hata kidogo. Mama yule na mumewe waliingia kwenye bodi mwaka 1996 klabu ikiwa hoi, na usiku ule hakusimama pale kuwatajia watu wa Norwich alichowafanyia. Aliomba. Alisimama mahali wanapostahili kusimama watu wenye klabu pamoja, na timu iliposhuka hakukimbia.

Sasa nirudi nyumbani, maana sisi tuna jambo ambalo Everton na United hawana. Kanuni za serikali za mwaka 2017 zilisema wazi kwamba klabu ya wanachama ikibadilika kuwa kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Desemba 2017 Mo alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza Simba kwa shilingi bilioni 20. Kwa hiyo mwekezaji wa Simba anapofungua kinywa msimu ukiwa mbaya, hasemi na wateja wake waliolalamikia bidhaa. Anasema na wabia wake, na kwa mujibu wa karatasi, wabia wakubwa kuliko yeye. Yule mzee mwenye kadi iliyochakaa ana sehemu yake katika asilimia 51.

Mbia mkubwa hapewi pole na video ya dakika tatu. Anapewa hesabu. Anaambiwa mapato ya milangoni yalikuwa kiasi gani, jezi zimeingiza nini, wadhamini wametoa nini, mishahara imekula nini, na kamati iliyosajili winga aliyecheza mechi mbili ina akina nani. Haya si matusi wala si uasi. Kampuni yoyote yenye wanahisa inafanya hivyo, na Mo, mtu aliyekulia kwenye biashara, anayajua kuliko mimi.

Kwa nini basi hatuulizi? Nadhani tunaogopa, na hofu yetu ina historia. Yanga ya Yusuf Manji ilibeba ligi mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Mei 2017 Manji akajiuzulu. Kilichofuata kila mtu wa mjini anakikumbuka: mishahara ikachelewa, wachezaji wakagoma mazoezi, na kocha Mwinyi Zahera, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga timu, akawa anahamasisha michango ya wanachama. Sisi Simba tuliwaimbia watani kwamba wanatembeza bakuli, tulicheka kweli kweli, na ligi ikawapita misimu minne. Lakini kicheko kile kilitufundisha somo baya. Tulijifunza kwamba tajiri akiudhika ataondoka, na akiondoka utatembeza bakuli wewe, kwa hiyo nyamaza.

Ndiyo maana ujumbe wa Januari 2020 ulipiga kama ulivyopiga. Awe alikusudia au ilikuwa hasira ya usiku mmoja, mwenye fedha anapotaja kujiuzulu mbele ya watu ambao hawana pa kwenda, mjadala unafungwa. Jana yake watu walikuwa wanauliza kuhusu usajili na kocha, leo yake wanaomba asiondoke. Nilishuhudia watu wazima, wenye familia na kazi zao, wakiandika "Mo usituache" chini ya kila picha. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye swali la mwanzo.

Na sisi wanachama tuna deni letu. Wanaoporomosha matusi kwa mwekezaji na familia yake mitandaoni wanatuharibia wote, kwa sababu akishatukanwa ana haki ya kutosikiliza, na maswali ya maana yanafunikwa humo humo. Wako pia wanaojiita wanachama ambao ada hawajalipa miaka na mkutano mkuu wanausikia redioni. Ukiwa na asilimia 51 unayoikumbuka siku ya kufungwa na Yanga tu, mwenye 49 atafanya maamuzi peke yake na utakuwa umemruhusu.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, tumeona. Msimu wa 2024/25 timu ile ile iliyojengwa upya na vijana wengi chini ya Fadlu Davids ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tulipoteza 2-0 ugenini kwa Berkane, tukatoka 1-1 pale Amaan, Zanzibar, Mei 25, kombe likaenda Morocco. Huo nao ulikuwa msimu wa maumivu, kwa sababu ligi pia tulimaliza bila kitu. Lakini watu walielewa wanachoangalia. Walikuwa wameambiwa mapema kwamba hii ni timu mpya, wakaona inakua, na uvumilivu wao haukuhitaji kuombwa. Maelezo kidogo tu yaliyotolewa mwanzoni yalinunua subira ambayo bilioni za mishahara hazikuwahi kuinunua.

Ninachotaka kwa Mo, na kwa kiongozi yeyote anayekalia kiti cha mwenyekiti wa bodi, ni hesabu zilizokaguliwa ziwafikie wanachama kabla ya mkutano mkuu, siyo kusomwa haraka haraka saa kumi na moja jioni watu wakiwa wanatafuta daladala. Ni jina la mtu mmoja anayewajibika kwa usajili, na anayeweza kuulizwa. Na ni ahadi kwamba habari ya kujiuzulu, ikibidi kuwepo, italetwa kwenye kikao, ajenda ikiwa mezani na mrithi akiwa anajulikana, siyo kwenye simu zetu usiku baada ya kufungwa.

Ada yangu ya mwaka nimelipa. Mkutano mkuu ukiitishwa nitaomba kipaza sauti, na nitauliza lile swali la mzee: wachezaji wa dirisha dogo, nani aliwachagua?