Usiku kucha kwenye treni kwenda kuona matofali, na Kilwa Kisiwani sijawahi kuvuka

Jamani mi ni mtu wa Kilwa Masoko, huu mwaka wa nne nasoma Qom huku Iran, na kipindi cha Nowruz, mwaka mpya wao wa mwezi wa tatu, mwenzangu wa chumbani akasema twende kwao Khuzestan, tukapanda treni ya usiku tukashuka Andimeshk asubuhi, baba yake akatupokea na gari moja kwa moja mpaka Chogha Zanbil.

Jina maana yake kilima cha kikapu. Ni zigurati, yaani mnara wa hekalu wa ngazi ngazi, aliujenga mfalme wa Waelami, watu wa kale wa huku, anaitwa Untash-Napirisha kama miaka 1250 kabla ya Nabii Issa kwa ajili ya mungu wao Inshushinak. Wanakadiria ulifika mita 50 na kitu, sasa hivi umebaki kama nusu, na kupanda juu hairuhusiwi unazunguka tu chini. Ila ukisogea unaona tofali zimechorwa vijistari kama nyayo za kuku, kumbe ndo maandishi, mfalme anajitaja jina kila safu kadhaa, mzee alipenda kujulikana aisee! Kilichonishika zaidi ni unyayo wa mtoto kwenye tofali la sakafu, alikanyaga udongo haujakauka.

Baadae tukaenda Shush, kwenye kaburi la Nabii Danieli na kasri la Dario, mfalme wa Uajemi wa kale. Pale juu kuna ngome Wafaransa wachimbaji waliijenga miaka ya 1890, tena kwa matofali ya kale ya palepale, na jiwe la sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, walilolikuta Shush wakalipeleka Paris mpaka leo. Na Waelami nao walikuwa wameliiba nchi ya Babeli, kwahiyo sijui nimuonee nani huruma.

Sasa watu wakija huku wanarudi na wimbo wa "wenzetu wanajua kutunza". Mi sikubali. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini 2004, kuta zikafanyiwa kazi yakatolewa 2014, kwahiyo kutunza tunatunza. Tofauti niliyoiona ni mikeka. Familia zimejaa, bibi na wajukuu, chupa za chai, watoto wanakimbizana, hamna mzungu hata mmoja, ni wenyewe wamekuja kwao. Sisi magofu tumewaachia wageni na maprofesa. Shuleni kwetu safari ilikuwa Mikumi kuona tembo, wakati Husuni Kubwa, kasri la kale la Kisiwani, iko ng'ambo tu ya maji!

Jioni baba yake mwenzangu akaniuliza kwetu wapi, nikamsimulia kwamba hadithi za kwetu zinasema sultani wa kwanza wa Kilwa, Ali bin Hassan, alitoka Shiraz, na neno bandari tunalo kama wao, akafurahi kweli, akasema nionyeshe picha. Simu yangu ina picha za harusi, za ubwabwa, za timu, ya Msikiti Mkuu wa Kisiwani hamna, ikabidi niitafute kwenye intaneti kama mgeni. Akautazama sanaaa ule msikiti wa matumbawe, akauliza na hapo mpaka kwenu ni mwendo gani.

Nikamwambia mashua tu, ukitokea Masoko hata chai haijapoa.

Akanimiminia nyingine, hakusema kitu.