Nabii Tunamjengea Sanamu, Ajuza Tunamchoma

Stesheni ya treni ya Syokimau, pale Nairobi inapokutana na Machakos, inabeba jina la mwanamke aliyesifika kwa kuona yasiyoonekana. Wakamba wanasimulia kwamba kabla mzungu hajatia mguu bara, Syokimau alitabiri ujio wa nyoka mrefu kutoka maji hadi maji, na watu wenye ngozi kama nyama, wanaosema kama ndege na kubeba moto mfukoni. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na viberiti vikaja na wenye reli. Stesheni yenyewe ilifunguliwa Novemba 2012, na reli mpya ya kutoka Mombasa ilipoanza kazi mwaka 2017, kituo chake cha Nairobi nacho kikawekwa Syokimau. Jina hilo tunalitaja kila siku bila woga wowote.

Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wazee ukidai wamemroga mwanafunzi wa kidato cha nne. Mei 2008, huko huko Kisii, wazee 11 walichomwa moto hadi kufa, wanane kati yao wanawake. Kilifi nako mvi zimekuwa hatari kiasi kwamba wazee wanakimbilia kituo cha Kaya Godoma, Ganze, kuokoa roho zao kutoka kwa watoto na wajukuu wao wenyewe.

Na hapa Nairobi kuna wengine tena: mabinti na vijana wanaojitangaza mitandaoni kuwa wachawi kwa hiari yao, wenye kadi za tarot za kupigia ramli, mawe ya fuwele na mishumaa ya kuwashwa mwezi unapoandama. Wengine wanawataja Mekatilili na Syokimau kama mama zao wa kiroho. Ubishi unaozuka kila wanapojitokeza una pande mbili. Wapo wanaosema uganga na uaguzi ni urithi wetu, kwamba mkoloni ndiye aliyeuita uchawi ili auzime, na kwamba sheria yake ya uchawi ifutwe. Wapo wanaosema mambo haya ni utapeli, vitisho na dhambi, na sheria iongezwe makali. Mimi naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo halimsaidii yule bibi wa Marani.

Nianze na watetezi wa urithi, maana hoja yao mara nyingi inakatizwa kabla haijasikika. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka kutoka kwa Wagiriama kodi, vijana wa kufanya kazi, na ardhi. Aliyesimama kuipinga alikuwa Mekatilili wa Menza, mjane wa makamo asiye na cheo. Alipita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba, na watu wakamfuata. Kisha zikalishwa yamini za Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba atakayemtumikia mzungu na kimpate. Arthur Champion, ofisa aliyekuwa akiitawala sehemu ile, aliripoti kwa wakubwa zake kwamba Wagiriama walikiogopa kile kiapo kuliko walivyoiogopa serikali. Mekatilili akakamatwa pamoja na mwenzake katika upinzani huo, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni hadi Kisii, upande wa pili wa nchi. Mapema mwaka 1914 wakatoroka na kurudi Pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Serikali hailipui msitu kwa sababu ya upuuzi. Waliijua nguvu iliyokuwa mle, hata kama walikataa kuiita kwa jina lake.

Na hiyo Kisii walikompeleka ilikuwa imeshawatia hofu. Januari 1908, Moraa wa Ngiti, mganga na mwonaji wa Abagusii, yaani Wakisii, alimhimiza kijana Otenyo amkabili Geoffry Northcote, mkuu wa serikali katika eneo lile. Otenyo akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na jeshi likatumwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Leo Moraa yumo katika historia ya mashujaa wa Wakisii, na Mekatilili ana sanamu Malindi. Ardhi iliyomlea Moraa na kumfunga Mekatilili ndiyo hiyo hiyo ambako bibi anaweza kutolewa nyumbani usiku na kuteketezwa kwa sababu ana dawa za mitishamba chini ya kitanda. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika mjadala huu, na sijasikia upande wowote ukilijibu.

Lakini watetezi wa urithi wanapenda kusimulia nusu ya hadithi. Afrika Mashariki imemjua pia Alice Auma, aliyejulikana kama Alice Lakwena kwa jina la pepo aliyedai kumbeba. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 1986 na 1987, aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya shea akiwaambia risasi hazitawaingia, na mawe waliyobeba yatalipuka kama mabomu. Walifika karibu na Jinja. Huko wakasambaratishwa, na vijana wengi sana walikuwa wamekufa njiani wakiimba nyimbo za dini. Alice alikimbilia Kenya na kuishi katika kambi za wakimbizi za Dadaab hadi alipofariki Ifo, Januari 2007. Anayesema nguvu za wanawake wa kale zilikuwa neema tupu ana deni la kueleza habari za vijana wale.

Hata hivyo, Mekatilili, Moraa na Alice wana jambo moja linalowatofautisha na biashara tunayoiona mjini: walijulikana. Walisimama mchana mbele ya watu, kwa majina yao na ukoo wao, wakasema watakayoyafanya. Uwazi haukuzuia maafa ya Alice, lakini historia inajua imuulize nani.

Pita sasa Barabara ya Kirinyaga au River Road utazame nguzo za stima. Karatasi juu ya karatasi, gundi juu ya gundi: mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Kitui, kurudisha mpenzi, kuondoa nuksi, kushinda kesi, kunasa wezi, nguvu za kiume, bahati ya kazi. Jina la mganga mara nyingi halipo au ni la kubuni. Kilichopo ni namba ya simu.

Mama mmoja anayeuza nguo za watoto Gikomba alinionyesha meseji alizotumiwa baada ya mumewe kuondoka nyumbani. Kwanza aliombwa shilingi 500 za kufungulia kazi. Kisha 3,000 za mafuta na ubani. Kisha 12,000 za mbuzi mweusi, kwa kuwa mizimu imekataa kuku. Zote kwa M-Pesa, na kila mara jina la mpokeaji ni jingine. Aliposema hana tena, lugha ikabadilika: kazi ikiachwa katikati, ugonjwa utamwingia mtoto wake wa mwisho. Akauza mzigo wake kwa hasara akalipa. Hakwenda polisi. Aliogopa kusemwa kanisani, na aliiogopa zaidi ile laana.

Wanaotaka sheria kali wanaushika mfano kama huu, na wana haki. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya mwaka 1925, inamgusa mtu huyo moja kwa moja: anayejidai kuwa na nguvu za kichawi kwa namna ya kumtia mwenzake hofu au madhara anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kuifuta, wanasema, ni kumwachia huru tapeli wa River Road. Tena sheria hiyo ina kifungu cha 6 kinachofanya kosa kumtuhumu mtu kwa uchawi, isipokuwa tuhuma hiyo ipelekwe kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Yaani karatasi hiyo ya mkoloni inamlinda bibi, angalau kwa maandishi.

Ugumu ni kwamba sheria hii tangu mwanzo haikuwahi kuamua inamwogopa nani. Mwaka 1932, katika kesi ya Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, wanaume wa Ukambani walishtakiwa kwa kumpiga hadi kufa mwanamke aitwaye Mwaiki, waliyeamini amemroga mke wa mmoja wao. Sitini walihukumiwa kifo, ingawa hukumu hizo baadaye zilipunguzwa. Utetezi wao ulikuwa kwamba wametimiza mila, na kwamba serikali imewaacha bila kinga dhidi ya mchawi. Mahakama ikasema uchawi si sababu ya kuua. Ilisema kweli. Lakini wanakijiji walibaki na imani ile ile na hofu ile ile, na karibu miaka tisini baadaye wanawake wanne wakafa Marani kwa namna isiyotofautiana sana na ya Mwaiki.

Uingereza kwenyewe, ilikotoka fikra ya sheria yetu, waliifuta sheria yao ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofika 1951. Miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichotangaza Wicca, dini mpya yenye miungu ya kike na ya kiume, makuhani wanawake, na sherehe zinazofuata mwezi na majira. Doreen Valiente, aliyeandika sehemu kubwa ya ibada zake, anaheshimiwa hadi leo na wafuasi wa dini hiyo. Mengi ya yale mabinti wa Nairobi wanayofanya kwa mishumaa na majivu ya mitishamba yanatoka huko au Marekani, yakipitia TikTok, hata wanapoyapaka jina la Mekatilili.

Sioni ubaya katika hilo lenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, na anayewasha mshumaa chumbani kwake Kilimani akiomba utulivu hajamdhuru mtu. Baadhi ya wanaofuata njia hii ni wanawake waliojeruhiwa makanisani, waliofokewa kwa kupewa talaka au kukosa mtoto, na wamepata mahali pa kupumua. Anayewacheka hajawasikiliza.

Ninachowadai ni kitu kingine. Kwao kujiita mchawi ni pambo, wanalivaa na kulivua. Wana geti, mlinzi, na rafiki wakili. Bibi wa Ganze hajawahi kujiita hivyo. Ameitwa, na hawezi kulivua. Anayechuma ujasiri kwenye jina hilo mjini angepaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele linapotumika kuua kijijini. Oktoba 2021 nilitarajia kelele hizo. Nilizosikia zilikuwa chache mno.

Waganga wa kweli nao wamebanwa katikati. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya asili, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo chake Nairobi kinachochunguza dawa za mitishamba. Mama anayeuza mwarobaini na magome ya mti sokoni anatambuliwa na sheria moja na kutishwa na nyingine, kutegemea anavyoyaeleza magome yake.

Hukumu yangu ni kwamba Sura ya 67 ivunjwe vipande viwili. Tapeli ashtakiwe kwa kupata pesa kwa uongo na vitisho, makosa ambayo tayari yamo katika Kanuni ya Adhabu, bila mahakama kulazimika kusema lolote kuhusu mizimu. Kampuni za simu ziwezeshwe kufunga laini zinazolalamikiwa, maana mganga asiye na laini hana biashara. Kipande cha pili, kile cha kumlinda anayetuhumiwa, kibaki na kiongezwe nguvu.

Wanaopinga watasema watu wakijua sheria haiutambui uchawi watajichukulia hatua wenyewe. Hofu hiyo naielewa, lakini tumekuwa na sheria inayoutambua tangu 1925 na watu wamejichukulia hatua muda wote huo.

Ukiwasikiliza wanaowahifadhi wazee wa Kilifi, maneno mawili yanarudi kila mara: shamba na usahaulifu. Mzee mwenye hati ya ekari kadhaa na wana wasio na subira yuko hatarini kuliko jirani yake asiye na kitu. Na bibi anayetangatanga usiku bila nguo, asiyekumbuka alikotoka, mara nyingi ana ugonjwa wa akili za uzeeni ambao zahanati ya karibu haijui kuupima. Mhudumu wa afya wa kijiji akifundishwa dalili zake, na familia ikaelezwa kabla majirani hawajaanza kunong'ona, maisha yataokolewa bila hotuba yoyote kuhusu urithi au dhambi. Kuhusu shamba, kifungu cha 6 kipo leo. Mwana akimwita mamaye mchawi mbele ya watu, hilo ni kosa siku hiyo hiyo, na kituo cha polisi kinaweza kufungua jalada asubuhi yake, wakati bibi bado yuko hai wa kutoa ushahidi.