Ukuta ambao Ziwa Victoria halina

Kila Olimpiki ikipita bila medali yetu ya kuogelea, Mwanza huibuka hoja ileile: ziwa liko mlangoni, watoto wa Kirumba na Igombe wanaogelea kabla hawajajua kusoma, basi wachukuliwe hao, wapewe nauli, medali itakuja. Anayejibu kwamba tuanze na bwawa huonekana mtu wa mahotelini, anayetaka kututoza kiingilio kwa kitu alichotupa Mungu bure. Mimi naona huyo wa bwawa hasikilizwi inavyostahili, na shahidi wangu ni Mwafrika mwenzetu, Oussama Mellouli wa Tunisia.

Ajabu ni kwamba Mellouli angefaa pia kuwa shahidi wa upande wa ziwa. London 2012 alishinda kilomita 10 za maji ya wazi, na maji yenyewe yalikuwa Serpentine, ziwa dogo ndani ya bustani ya Hyde Park. Ndipo akawa mwogeleaji wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki bwawani na nje ya bwawa. Lakini siku sita kabla ya hapo alikuwa bwawani akichukua shaba ya mita 1,500 mtindo huru. Na ukirudi nyuma zaidi unakuta Beijing 2008.

Beijing alimaliza mita hizo 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 40.84. Nyuma yake alikuwa Grant Hackett wa Australia, aliyekuwa akiwinda dhahabu ya tatu mfululizo, kwa dakika 14 na sekunde 41.53. Tofauti ni sekunde 0.69. Namba hii nimeigeuzageuza sana. Bwawa la Olimpiki lina mita 50, kwa hiyo mwogeleaji huenda na kurudi safari 30, akigeuka ukutani mara 29. Gawanya 0.69 kwa 29: kila ukuta unaangukia sehemu mbili na kitu za mia ya sekunde, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Sidai kwamba Hackett alishindwa kwa sababu ya kugeuka. Ninachosema ni kwamba mtu akizidiwa kiasi hicho tu kila ukuta, dhahabu imekwenda, hata kama mikono yake haikukosea mahali. Na kugeuka kunafundishwa: kujikunja, kupinduka, nyayo kugonga ukuta, kusukuma, kuteleza chini ya maji kama mkuki. Ziwa halina ukuta.

Jumapili moja nilikaa juu ya mawe karibu na mwalo wa Kirumba nikimtazama mvulana wa kama miaka 13 akiogelea kuelekea mtumbwi uliotia nanga. Kichwa juu muda wote, shingo imekaza, macho kwenye mtumbwi. Kwa mtoto wa mvuvi hiyo ni akili, maana lazima aone wimbi na kamba ya nyavu. Ila kichwa kikiwa juu kiuno kinazama, na mwili mzima unaburuta maji. Alifika, akashika ukingo, akacheka. Alitumia muda gani? Hakuna ajuaye. Umbali je? Nao haujulikani, kwa sababu kesho mtumbwi utatia nanga pengine. Bwawa humpa mtoto jana ya kulinganisha na leo.

Upande wa ziwa nao wana lao. Kilomita 10 ni zaidi ya mara tatu ya daraja la Kigongo–Busisi, na umbali huo unamtaka mtu asiyetishwa na kina wala upepo wa alasiri. Mvulana yule ujasiri huo anao tayari. Wa bwawani huenda akalia akikosa mstari wa kufuata chini. Tena Paris 2024 waogeleaji wetu, Collins Saliboko na Sophia Latiff, walishindana mita 100 na mita 50. Mbio ndefu bado ziko mbali nasi. Lakini mazoezi ya saa mbili kila siku kando ya magugu yenye konokono ni kualika kichocho. Dawa ipo, sawa, ila anayeimeza leo kesho anarudi kwenye maji yaleyale.

Kuna watakaonikumbusha kwamba Mellouli alifungiwa miezi 18 kwa amfetamini na kunyang'anywa dhahabu ya mita 800 ya mashindano ya dunia ya Melbourne 2007. Kweli tupu. Mwenyewe alisema alimeza kidonge ili amalize kazi ya chuo. Sikumleta kama mtakatifu, nimemleta kwa ajili ya njia aliyopita: katoka nchi yenye fukwe za Mediterania, akiwa kijana mdogo akaenda kufanya mazoezi Font-Romeu, Ufaransa, milimani, kisha Marekani. Bahari aliiacha nyumbani.

Hoja inayonibana ni ya maji. Bwawa la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 linameza lita milioni 2.5, katika mji ambao mama anasubiri mgao na ndoo zake huku ziwa analiona. Kwa bwawa hilo sina la kumjibu. La mita 25 kwa 15, kina mita moja na nusu, halifikii robo ya maji hayo. Na ndani yake, anayeogelea mita 1,500 hugeuka ukutani mara 59.