Sikuwa uchi, na mie si mwanga

Naona shoga yangu kashanitangulia kuwasimulia, eti nimekamatwa usiku niko uchi, mwanga, yaani mchawi, na chumvi kaitia gunia zima. Haya, nisikilizeni na mie mwenyewe. Kwanza, sikuwa uchi. Nilivaa dera, buibui na soksi. Mwanga gani anavaa soksi?

Msimamo wangu mnaujua: mtoto wa miaka 7 halali nje. Lakini baba yake alinibana. "Miaka 7 tunaambiwa tuwaamrishe sala, 10 tuwatenganishe malazi. Kwenda kulala kwa shangazi yake, vichochoro viwili tu, ndio kunakushinda?" Nikakosa la kujibu. Ijumaa jioni mtoto kenda zake, mswaki mfukoni, hata kugeuka kunitazama hakugeuka.

Saa nane usiku naiona ile kanga yangu anayolala akiinusa, imebaki kitandani. Nikasema, mwanangu leo halali. (Mnaouliza kwa nini sikupiga simu: nilipiga. Wifi yangu akilala, kalala.)

Mtaani kwetu Fuoni kiza, umeme umekatika. Nikapapasa mpaka kwa wifi, dirisha la chumba cha watoto, nikapenyeza kanga kwenye nondo, nikaita taratibu, "Mwanangu... njoo uchukue..."

Kumbe watoto wamehamishiwa ukumbini. Chumba kapewa mama mkwe, kashuka na boti ya mchana kutoka Pemba. Mie nani hata niambiwe?

Kanga ikamgusa usoni. Kimya. Nikahisi inapapaswa, kidogo kidogo, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni Darajani. Moyo ukatulia. Nikanong'ona, "Ee, vuta baba, vuta."

Akavuta! Na mie ncha nilikuwa nimeizungusha kiganjani, nikaenda nayo mpaka shavu likagota kwenye nondo. Yeye anavuta, mie navuta, na huko ndani Ayatul Kursi inazidi kupanda sauti. Nataka kusema "mama, ni mie, mkaza mwanao," ulimi umekauka, kinachotoka ni "mmm... mmm..." Likaja kopo la maji, lote la uso. Halafu ndio ukelele: "Mwangaaa!"

Tochi za simu zikanizunguka. Mmoja na fagio, mmoja na mchi. Kanga bado imetanda baina ya wakwe wawili, hakuna aliyeachia, na maandishi yote yanasomeka: NANI KAMA MAMA.

Wifi akatoka anamkokota mwanangu, macho hayajafunguka vizuri. "Mtazame. Huyu si mama yako?"

Akafungua jicho moja. Akanitazama nilivyorowa, kutoka soksi mpaka kichwani.

"Mama yangu yuko kwetu. Kalala."

Mengine hayana maana. Nilisindikizwa nyumbani, baba watoto alicheka mpaka adhana ya alfajiri, na kanga sijarudishiwa hadi leo.

Ijumaa hii mtoto anataka kwenda tena. Mama mkwe karidhia, ila kwa sharti: mlango wangu ufungwe kwa nje.